"Niko njiani, bosi" huanzia kwenye bei ya tofali

Saa tatu asubuhi mwenye nyumba anafika saiti na hakuti mtu. Kamba bado imefungwa kutoka kona hadi kona, mchanga umefunikwa turubai, ndoo zimepinduliwa. Anapiga simu. "Niko njiani, bosi." Fundi hayuko njiani. Yuko upande wa pili wa mji, anaanzisha msingi wa mtu mwingine aliyempa advansi jana jioni, na saidia fundi wake wote wawili wako naye huko huko.

Kwenye viwanja vipya vya Dar es Salaam, Chanika, Kivule, Goba, Kigamboni, jambo hili limewachosha watu mpaka wakakata shauri kwamba fundi ni mtu mwongo, basi. Mimi sikubali. Waongo wapo kwenye uashi kama walivyopo maofisini. Ila "niko njiani" nyingi zilishapangwa siku ya kupatana bei, kabla tofali la kwanza halijamwagiwa maji, na fundi mwenyewe hakujua kwamba amezipanga. Anayetaka kuona zilivyopangwa achukue kalamu.

Tuchukue boma, yaani kuta za nyumba kabla ya paa, la vyumba vitatu, sebule, jiko na choo, matofali 2,200 ya inchi sita. Tofali moja lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Likishalazwa na udongo wake wa saruji, mita moja ya mraba inakula matofali tisa. Ukijumlisha yatakayovunjika na yatakayokatwa, weka kumi. Udongo wenyewe, kwa saruji moja na mchanga nne au tano, mfuko mmoja unajenga matofali 50 hadi 60, kwa hiyo mwenye nyumba aandae kama mifuko 40 ya kujengea tu. Bei ya ufundi inatofautiana mtaa kwa mtaa na mwaka kwa mwaka, lakini kwa ajili ya hesabu hii tuseme shilingi 500 kwa tofali. Inakuja 1,100,000. Wanapeana mikono.

Fundi mkuu anamleta fundi mwenza kwa 25,000 kwa siku, na saidia fundi wawili kwa 15,000 kila mmoja. Hiyo ni 55,000 kila jioni, na ni hela isiyosubiri. Fundi aliye na msaidizi anayejua kazi hujenga matofali 100 hadi 150 kwa siku kwenye ukuta ulionyooka. Kwenye kona, kwenye madirisha, na pale jukwaa linapoanza kuhitajika, idadi inashuka. Tuseme kila fundi anakwenda 110. Wawili ni 220, kazi inaisha siku kumi, wenzake wanachukua 550,000, na yeye anabaki na 550,000. Kichwani mwake amepata 55,000 kwa siku. Anarudi nyumbani amechangamka, na anawaahidi watoto viatu.

Hesabu hiyo ina shimo, na karibu kila tenda ya bei ya tofali ina shimo lile lile: lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Mwenye nyumba aliposema "kupandisha boma" alimaanisha mpaka lenta iwe imemwagwa. Fundi alihesabu matofali. Sasa nyumba hii ina kama mita 75 za ukuta wa kupitishia lenta. Kwa upana wa sentimita 15 na kina cha 20, hiyo ni mita za ujazo 2.25 za zege. Kwa zege la moja-mbili-nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na kidogo, kwa hiyo ni mifuko 14. Nondo nne za milimita 12 zikikimbia urefu wote, pamoja na kulaliana sentimita 60 kwenye kila maungio, ni kama nondo 27 za mita 12. Ringi za milimita 8, zile zinazozishika nondo pamoja, zikikaa kila sentimita 20 ni ringi 375, na kila moja inakatwa, inakunjwa pembe nne na kufungwa kwa waya, kwa mkono wa mtu. Kukunja na kufunga ringi hizo, kupiga mbao, kupandisha zege kwa ndoo: siku mbili za watu wanne, bila tofali hata moja kujengwa. Kwenye bei, siku hizo hazipo.

Ongeza siku zinazoliwa na mambo yasiyo ya fundi. Maji yamekatika na boza limefika saa saba mchana. Mchanga umeisha, mwenye nyumba yuko kazini na atatuma hela jioni. Mvua. Wasaidizi wameshalipa nauli na wameshakula, na ukiwarudisha mikono mitupu leo, kesho wako kwa fundi mwingine. Zichukulie zote kuwa siku mbili tu. Kazi ya siku kumi imekuwa ya siku 14. Wenzake wamechukua 770,000. Zimebaki 330,000, ambazo kwa siku 14 ni kama 23,500 kwa siku. Mwenye tenda, mwenye pima maji, mwenye kubeba lawama zote ukuta ukipinda, amelipwa kidogo kuliko fundi mwenza aliyemwajiri kwa 25,000. Na hapo nauli, kamba, vocha za simu na mwiko uliovunjika havijatolewa.

Nyumbani nako kuna hesabu, nayo haijui mvua. Fundi wa ujenzi halali na njaa siku za kazi. Tatizo ni siku nyingine. Toa Jumapili. Toa masika, Machi hadi Mei, ambapo msingi unajaa maji na malori hayaingii mtaani. Toa siku za kutafuta kazi, misiba, siku ambazo mwenye nyumba amesema "tusimame kidogo nijipange". Fundi anayejulikana mtaani akipata siku 200 za kazi kwa mwaka, ashukuru. Kama anaacha 12,000 ya matumizi kila asubuhi, kwa mwaka ni 4,380,000. Kodi ya vyumba viwili ya 70,000 kwa mwezi ni 840,000. Tenga 600,000 za shule na hospitali. Jumla 5,820,000, gawanya kwa siku 200, inakuja 29,100. Hiyo ndiyo hela ambayo kila siku ya kazi inapaswa kumrudishia fundi huyu, akiwa hajanunua koleo wala kuweka akiba ya senti moja. Ile 23,500 haifiki.

Kodi ndiyo inayovunja watu zaidi, kwa sababu wenye nyumba wengi mjini huitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo ni 420,000 siku moja, kutoka kwa mtu anayelipwa vipande vipande. Januari nayo inakuja kwa namna yake. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita, na hilo limewapunguzia mafundi mzigo kwelikweli. Lakini sare, viatu, madaftari na michango mbalimbali bado vinamsubiri mzazi, na vuli ndiyo kwanza imeisha.

Sasa rudi kwenye advansi. Mwenye nyumba ametoa asilimia 40, yaani 440,000. Siku hiyo hiyo 150,000 zinakwenda kuziba deni la duka na kodi iliyochelewa. Zimebaki 290,000. Kwa 55,000 kwa siku, hizo zinalipa wasaidizi siku tano na kidogo. Siku ya sita jioni hakuna hela, na boma liko usawa wa madirisha. Mwenye nyumba hatoi nyingine mpaka aone lenta, na ana haki yake. Wasaidizi hawasubiri lenta, nao wana haki yao. Fundi anabakiwa na mlango mmoja: akaanze kazi ya mtu mwingine, achukue advansi yake, alipe watu wa kwanza. Kazi ya pili inazaliwa ikiwa na pengo tayari, na kazi ya tatu itaitwa kuja kuliziba. Kuanzia hapo simu inaanza kujibiwa kwa "niko njiani".

Wapo wanaokwepa mlango huo kwa kuingia ule wa kausha damu. Mkopo wa 200,000 unaorudishwa 10,000 kila siku kwa siku 26 unamaliza kwenye 260,000. Riba ni kubwa, lakini kinachoumiza fundi zaidi ya riba ni neno "kila siku". Mkopo wa namna hiyo huenda ukamfaa muuza samaki anayeuza kila siku. Mtu mwenye siku 200 za kazi kwa mwaka hana kila siku, na marejesho ya siku ya mvua yanatoka kwenye sufuria.

Kinachonisikitisha ni kwamba ukuta unalipa deni hilo pia. Fundi anayejua kwamba siku ya kumi na moja anafanya kazi bure huanza kukimbiza, na uashi una mambo yasiyokimbizwa.

Tofali kavu likilazwa bila kumwagiwa maji hunyonya maji ya udongo kabla saruji haijashika, na udongo unabaki kama unga uliogandamana. Kwa jicho huoni kitu. Sugua kwa msumari baada ya wiki moja, unamwagika. Kiungo cha kusimama, kile kati ya tofali na tofali, kikijazwa kwa juu juu tu, unapata ukuta unaopitisha mvua ya upepo na unaopasuka kwa ngazi kutoka kona ya dirisha. Udongo uliokorogwa asubuhi ukitumika mpaka saa saba kwa kuongezewa maji kila unapokauka, nguvu yake imekwisha. Korogesha wa kumalizika ndani ya saa moja na nusu, au mbili kwa wingi. Na ukuta mbichi usipandishwe zaidi ya kozi sita, yaani safu sita za matofali, kwa siku, ambazo ni kama mita moja na nusu, kwa kuwa uzito wa juu unakamua udongo wa chini na timazi inahama usiku. Fundi mwenye haraka hupandisha nane au tisa, na kesho yake anauona ukuta umelala kidogo. Haubomoi. Anausahihisha kwenye plasta, na plasta ya sentimita nne upande mmoja ndiyo ile inayokuja kubanduka yenyewe.

Kumwagilia ndiko kunakoachwa kwanza, kwa sababu hakuna anayekulipa kwa kumwaga maji. Saruji haikauki kama nguo; inashikana kwa kuyatumia maji, na jua la Dar linayanyang'anya. Zege lililotunzwa na unyevu kwa siku saba linafikia karibu theluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28. Lililoachwa jua likalichoma siku mbili za kwanza halirudi tena hapo, hata ukalimwagia mwezi mzima baadaye.

Mengine si ya fundi kabisa ila lawama humwangukia yeye. Matofali ya kununua ni mfano. Tofali la inchi sita lina ujazo wa karibu lita 16. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Mfyatuaji anayejisifu kutoa matofali 30 kwa mfuko ametengeneza kama lita 480 za tofali kutoka lita 35 za saruji, yaani saruji moja kwa mchanga zaidi ya kumi na tatu, na hapo ni mchanga uliokwisha kushindiliwa. Tofali hilo linavunjika likiteremshwa kwenye lori. Nondo nazo: ya milimita 12 halisi, urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 10 na nusu na zaidi kidogo, ya milimita 10 ni kilo 7.4. Ukiziweka kwenye mizani ya muuza mkaa zikatoa pungufu sana, umeuziwa nyembamba au fupi. Fundi mzuri hupima na kumwambia mwenye nyumba mapema, mbele ya mwenye duka ikibidi.

Basi bei ipangwe vipi? Naamini fundi aanze na siku, aje kwenye matofali mwishoni. Ahesabu siku za kujenga, aongeze siku za lenta, aongeze siku mbili za kusubiri, azidishe kwa malipo ya watu wake pamoja na ile 29,100 yake mwenyewe. Kwa boma letu ni siku 14 mara 84,100: inakuja 1,177,400, na vifaa vyake vidogo akafunge 1,250,000. Hapo ndipo agawanye kwa 2,200 aone tofali limekuwa shilingi 570 hivi. Kama mtaa unasema 500, ana mambo mawili ya kusema bila kuona haya: lenta ilipwe kando, au siku ya kusubiri vifaa walipwe wasaidizi. Wenye nyumba wengi wanakubali moja kati ya hayo wakionyeshwa hesabu kwenye karatasi. Wanachokataa ni kuombwa nyongeza katikati ya kazi, na hapo mimi niko upande wao.

Kama bei imebaki ile 1,100,000, malipo yafuate kazi kwa karibu. Advansi isizidi malipo ya wasaidizi ya siku nne, 220,000, na isiguse kodi ya mtu. Usawa wa madirisha, kozi ya nne, zitoke 230,000. Kozi ya tisa, pale lenta inapokaa, zitoke 350,000. Lenta ikimwagwa na kozi za juu zikikamilika, 200,000. Zibaki 100,000. Hivyo mwenye nyumba hajatoa fedha nyingi kuliko ukuta aliouona, na fundi hafiki siku ya sita mfuko ukiwa mtupu. Yaandikwe mawili matatu kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala: bei, nini kimo na nini hakimo, nani analeta maji.

Daftari la nyumbani lishikwe na mama watoto. Nasema hivi kwa sababu ya utaratibu wa fedha, si kwa kumdharau baba. Fundi anapokea hela akiwa saiti, mbele ya watu wanaomdai, mbele ya mama ntilie na deni la chai la wiki nzima. Hela inayotumwa nyumbani kwa simu saa ile ile ya malipo inafika. Inayobaki mfukoni mpaka jioni inakatwakatwa. Kikoba cha wiki kinafanya kazi vizuri zaidi kikilengwa kwenye kodi ya miezi sita kuliko kikiachwa kiwe cha "maendeleo". Na ile biashara ya maandazi, kilo mbili za unga wa ngano kila alfajiri, ambayo mafundi wengi huiita kijibiashara, ndiyo inayolisha nyumba siku zile 165 zisizo na kazi. Mtaji wake usiguswe kulipia saidia fundi. Ukiguswa mara moja, nyumba inabaki na mguu mmoja.

Mwili pia unahitaji kuhesabiwa. Saruji mbichi ni kali kama magadi yaliyokolea. Inaunguza polepole, na mtu anayepiga magoti kwenye jamvi la zege bichi la sakafu au aliyeingiwa na zege ndani ya buti hasikii kitu mpaka jioni, ngozi ikiwa imeshatoka. Viatu vya mpira virefu, glavu za mpira, suruali iteremke nje ya buti isichomekwe ndani, na ngozi ioshwe kwa maji mengi safi mara tu inapoguswa. Kupaka mafuta mazito mikononi asubuhi si badala ya glavu. Wakati wa kukata vigae kwa grenda, mwagia maji. Vumbi lile jeupe linakaa kwenye mapafu na halitoki kwa kunywa maziwa, hata kama kila saiti inaaminika hivyo. Jukwaa liwe na mbao za inchi mbili, lenye egemeo kila mita moja na nusu, na lisisimamishwe juu ya matofali yaliyopangwa bila udongo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na waajiri, na kwenye nyumba ya mtu binafsi hakuna anayejiona mwajiri. Akianguka fundi, imeanguka nyumba yote. Ndiyo maana kujiandikisha kwa hiari NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao unapokea waliojiajiri, ni jambo la kufanya akiwa na miaka 28, si 50.

Saidia fundi naye ni baba wa kesho, au wa leo. Anaanza kwa kubeba, anakuja kukoroga, anapewa kujaza viungo, kisha anajenga katikati ya ukuta kamba ikiwa imeshafungwa na wengine. Kona hupewa mwisho, kwa sababu ukuta wote unafuata kona: mita tatu upande huu, nne upande ule, na mshazari ukitoa tano kamili, kona imekaa mraba. Fundi anayemficha msaidizi wake kona kwa miaka mitano ili asimpoteze anajinyima fundi mwenza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapima na kutoa cheti kwa waliojifunzia kazini bila kukaa darasani, na cheti hicho ndicho kinachoulizwa kwenye miradi ya kampuni, ambako malipo ni ya mwezi.

Zile 100,000 za mwisho zina siku yake. Mbao za pembeni za lenta zinang'olewa baada ya siku mbili, lakini mirunda iliyoegemeza lenta juu ya milango na madirisha inakaa siku 14, na siku saba za mwanzo mtu anamwagilia asubuhi na jioni. Fundi anarudi siku ya 15. Anagonga mirunda mmoja mmoja kuanzia katikati ya dirisha, anapitisha jicho chini ya lenta kuona kama imekaa, anang'oa misumari na kuinyoosha kwa ajili ya kazi inayofuata. Mwenye nyumba anahesabu hela pale pale. Hakuna saidia fundi anayeidai, hakuna duka lililoisubiri, na saa hiyo hiyo inatumwa nyumbani yote.